Damu Iliyochacha

Hildegardi alikuwa nesi mwenye miaka kumi na tisa kazini, na kama kuna kitu alichokijua bila kupima, ni harufu ya gongo. Kwa hiyo Dakta Lusekelo, mwenye zahanati, aliposema Aurelia, yule mama aliyeletwa kwa machela kutoka Mbuji, amelewa, Hildegardi alicheka kimoyomoyo. Kulewa gani huku? Pumzi ya Aurelia ilinuka ndizi zilizoiva zikapitiliza, naye alikuwa akihema kwa nguvu kama mtu aliyepandisha mlima na gunia la mahindi, ilhali kifua kilikuwa safi na homa hakuna.

Lusekelo hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa Tukuyu, mpole, aliyefungua zahanati yake mara tu serikali iliporuhusu watu binafsi. Akapima mkojo mwenyewe. Karatasi ikageuka zambarau tupu upande wa asetoni, kemikali inayoonekana kwa wenye kisukari kikali au walevi. Upande wa sukari haikugeuka hata kidogo. Basi si kisukari, akasema, ni pombe, tena huenda yenye sumu; apelekwe Songea na lori la saa nane. Hildegardi akaitazama barabara ya Kitai, ya kwenda Songea, ilivyokuwa tope tupu mwezi ule wa Machi, akajua kabisa kwamba huyu hafiki.

Mama mkwe wa mgonjwa, Mama Marselina, alikaa pembeni na mapacha wa miezi mitatu mapajani, amejiinamia kwa aibu ya hilo neno pombe. Daktari alipomwuliza Aurelia habari za chakula, alijibu kwa sauti ya chini kwamba anakula vizuri. Loo, hawa madaktari wa kuja! Mkamwana wa Kimatengo aulizwe habari za chakula mbele ya mama mkwe wake, ulitaka aseme nini? Hildegardi akamwomba bibi awatoe watoto nje wapate hewa, akafunga mlango, akauliza upya kwa Kimatengo.

Machozi yakatangulia. Tangu Jumatano ya Majivu, Kwaresima ilipoanza, wiki ya nne sasa, Aurelia alikuwa akinywa kikombe kimoja cha uji jioni, basi, na siku mbili hizi hata huo aliutapika. Mchana alichimba shambani mashimo ya ngolo, yale ya kilimo cha milimani, na huku ananyonyesha wawili. Alitaka kuacha, lakini mama mkwe alikwisha kuitangazia jumuiya nzima ya kanisa kwamba mke wa mwanawe Egidi anafunga kumshukuru Mungu kwa mapacha, na akina mama wakampigia vigelegele.

Hildegardi akarudi kwa daktari bila kugonga mlango.

"Dakta, huyu hajalewa, ana njaa. Chakula hakiingii, na maziwa yanatoka ya watoto wawili. Mwili umeyeyusha mafuta yake mpaka damu imechacha. Mpe glukosi sasa hivi."

Lusekelo akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Hildegardi akakiri kwamba hata yeye kwa binadamu hajaona, ila kwa ng'ombe wa maziwa wa misheni ameona, na pumzi ilikuwa hiyohiyo. Daktari akamkazia macho, kisha akacheka, akafuta lori, wakampiga mgonjwa sindano ya vitamini na kumtundikia chupa ya glukosi.

Kufikia saa kumi kuhema kulishuka. Saa kumi na moja Aurelia alimaliza bakuli la uji wenye sukari, akaomba jingine. Hildegardi alifurahi waziwazi, kisha akatoka nje akamweleza Mama Marselina ugonjwa wenyewe, neno kwa neno, bila kumpunguzia. 

Wanajumuiya walikuwa wamekwisha kufika na rozari zao, wakaanza kumsifu mgonjwa kwa moyo wake wa kufunga. Mama Marselina akasimama mlangoni, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani.

"Msimsifu," aliwaambia. "Hakufunga yeye. Nilimfunga mimi."