Mlimau wa Gatumba

Sijaona alilaza jani la kwanza la kitawi juu ya ubao wa kupigia pasi, akashika wembe wa kufumulia nguo, akalikata katikati. Harufu ya limau ikajaa chumba. Kule Gatumba, harufu hiyo ilikuwa ikiingia na mumewe Uthmani kila jioni, akitoka kumwagilia.

Uthmani alifariki kabla ya mafuriko. Maji yalipouzunguka mlimau wake, watu walishangaa kuona mti unanyauka kwa kiu ilhali umesimama majini. Sijaona alijua mizizi imeoza, haiwezi kunywa. Alikata vitawi, akavileta Cibitoke alikohamia, akavipanda kwenye mikebe ili viote mizizi. Vyote vimekauka, isipokuwa hiki.

Jirani yake, Scholastique, akaingia na sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa.

"We dada! Muti haujaota, tayari unaunyoa?"

"Apana. Naupunguzia kazi."

"Kazi gani? Mi naona umesimama tu, sawa na bwana yangu."

Sijaona akacheka, hata yeye akashangaa sauti yake. Akainua chupa ya plastiki iliyokatwa chini, ambayo hukifunikia kitawi. Ndani ilijaa matone.

"Hii maji imetoka ku majani. Chini ya jani kuna matundu kidogo sana, inapumulia pale, na maji inatoka. Muti wenye mizizi unavuta ingine mu udongo. Huu hauna mizizi. Unatoa tu."

"Basi toa majani yote, yaishe."

"Na chakula utapikia wapi? Muti unapikia mu majani."

Scholastique akatikisa kichwa, akaacha sahani, akarudi kwake. Baada ya muda kicheko cha watoto wake kilisikika nyuma ya ukuta.

Sijaona akakata jani la pili. La tatu ndilo lililokuwa pana kuliko yote, nalo ndilo lililopoteza maji mengi zaidi. Kwenye ncha yake palikuwa na doa jeupe. Ni chokaa iliyoruka Uthmani alipokuwa akipaka shina, mara yake ya mwisho.

Akaweka wembe juu ya doa, kisha chini yake. Popote alipopima, nusu iliyopaswa kuondoka ilikuwa ile yenye chokaa.

Akaufunga wembe ndani ya karatasi yake. Akakifunika kitawi kwa chupa, akakisogeza mbali na dirisha. Atalikata kesho, kabla jua halijafika dirishani.