Ghorofa ya Nne Yote Kijani

Viza yangu inasema mimi ni mfanyakazi mwenye ujuzi, na ujuzi wenyewe ni kusimamia wenzangu. Cheka kwanza, kisha tuendelee. Mimi niliyefukuzwa hoteli tatu kule nyumbani kwa kuwapigia wasimamizi kelele; mimi ambaye mpaka leo naweza kukutajia yule aliyetufutia chai ya saa nne, viatu alivyovaa siku hiyo na upande aliochania nywele; mimi huyo huyo nilivuka mpaka nikiwa na muhuri unaoniita bosi. Sheria za kazi nilijisomea mwenyewe, kitako kwenye ngazi za dharura, hakuna aliyenifundisha. Katika kusoma kote huko sikukuta hata ukurasa mmoja unaosema mtu afanye nini akigundua adui ni yeye.

Mke wangu alifurahi. "Sasa umekuwa mkubwa," aliniambia kwenye simu. "Usianze mambo yako."

"Mambo gani?"

"Hayo hayo."

Hoteli ilinidhamini kwa cheo hicho na si kingine. Nikishushwa cheo, viza inakufa. Nikifukuzwa, inakufa. Nikijiuzulu, naizika kwa mikono yangu. Nilikabidhiwa ghorofa ya nne, wasafishaji wanne, na kishikwambi chenye ramani ya vyumba. Mtu akimaliza chumba, naingia: napitisha kidole juu ya fremu ya mlango, nafunua shuka, nachungulia nyuma ya choo. Kikiwa safi nagusa kijani, mapokezi wanampa mgeni. Kikiwa na kasoro nagusa nyekundu, na nyekundu inabaki na jina la aliyekisafisha. Zikirundikana, jina linapanda kwa meneja.

Mimi niguse nyekundu juu ya jina la mfanyakazi? Kidole kingekauka.

Kati ya wale wanne alikuwemo Shangazi. Hatuna undugu wa damu; ni mama wa kwetu aliyetangulia kufika, na kila anayezungumza lugha yetu pale humwita hivyo. Mgongo wake ulikuwa mbovu. Akishainama kuchomeka shuka chini ya godoro, huinuka akiwa ameshika kiuno kama mtu anayetafuta funguo mfuko wa nyuma.

"Shikamoo, Shangazi," nilimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba. Wewe ndiye bosi?"

"Mimi si bosi. Mimi ni mwenzenu."

"Kwenye beji wameandika nini?"

"Beji ni yao."

"Haya, mwenzetu. Nyanyua hilo godoro."

Nikanyanyua. Ndipo yalipoanza.

Kila msafishaji alikuwa na vyumba kumi na viwili kwa siku, navyo vilimtosha mtu kurudi nyumbani akiwa hawezi kuvua soksi. Kisha meneja akatangaza kumi na sita, kwa majaribio. Meneja wetu ni kijana mpole, anasema tafadhali hata akimwonyesha mtu mlango wa kutokea. Angenitukana tungeelewana. Alisema atakayeshindwa na kasi mpya, mkataba wake hautaongezwa, tafadhali.

Siku hiyo niliwahutubia wenzangu stoo ya mashuka, nimesimama juu ya kreti la sabuni. Nilianzia mbali, nikapita kwa yule wa chai ya saa nne, nikafika kwenye utu wa mfanyakazi. Sauti ilikuwa inanipanda vizuri.

"Umemaliza, Komredi?" Shangazi aliuliza. Hilo jina alinipa yeye, na hakunipa kwa heshima. "Umesimamia foronya zangu."

Nikashuka. Wengine walipotoka na matoroli yao, akaniambia polepole, "Mgongo huu wakiujua, mimi narudishwa. Na binti yangu bado hajamaliza chuo."

"Jina lako halitapanda juu," nilimwambia. "Niachie mimi."

Hapo ndipo akili yangu yote ya kujisomea ilipokwenda kulala. Nikawa naingia kwenye chumba kilichoachwa nusu, naning'iniza koti la usimamizi kwenye kitasa, napiga magoti. Nilisugua mabafu. Nilivisha mito. Nilivuta nywele za watu nisiowajua kutoka kwenye matundu ya maji. Nikimaliza vya Shangazi naingia vya wengine, maana haki haibagui, kisha navaa koti, najikagua mwenyewe kwa ukali, nagusa kijani. Nilinuka dawa ya choo mpaka kwenye kope. Chakula cha mchana nilikula nimesimama, nikipiga mluzi. Nilijiona mwanamapinduzi, tena mwenye brashi yake.

Majaribio yalipokwisha, meneja alituita sote na kuwasha kioo kikubwa ukutani. Ghorofa nyingine zilikuwa na madoa mekundu kama mtoto mwenye surua. Ya nne ilikuwa kijani tupu, kama shamba lililonyeshewa.

"Wenzetu wa ghorofa ya nne wametuonyesha kwamba inawezekana," alisema, akaanza kupiga makofi. "Kuanzia Jumatatu, kumi na sita kwa hoteli nzima. Na ghorofa ya nne, kwa kuwa mmeweza kwa urahisi, tujaribu kumi na vinane. Tafadhali."

Wasafishaji wa ghorofa nyingine walinigeukia. Macho yale nayajua. Niliwahi kumtazama nayo kila aliyepita katikati yetu kwenda kazini siku tulipogoma. Sikuwahi kutazamwa nayo.

Kwenye lifti ya mizigo nilibaki na Shangazi.

"Hongera, Komredi."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Umenisaidia mpaka nimeongezewa vyumba viwili." Akaegemea toroli. "Watu walitakiwa waone kwamba haiwezekani. Wewe ukapita na dekio juu ya ushahidi."

Nikabonyeza kitufe cha ghorofa ya nne.

"Jumatatu usiguse kitu," alisema. "Sisi tutafanya kazi kama watu. Kisichofikiwa, kiandike hakijafikiwa."

"Jina lako litapanda."

"Litapanda na ya wenzangu watatu. Nimeshaongea nao, bila kreti."

Jumatatu nilifanya kazi inayotajwa kwenye viza yangu, kwa mara ya kwanza. Mikono iliniwasha. Nilipita mlango wa chumba chenye mito uchi, nikagusa nyekundu, nikapita. Bafu lenye dimbwi la maji sakafuni, nyekundu, nikapita. Wale wanne hawakuzembea. Walikwenda kwa mwendo wa mwili wa binadamu, na mwendo huo ulikomea pale ulipokomea. Alasiri wageni walikuwa wamekalia masanduku yao kule mapokezi, na meneja akapanda juu.

"Kuna tatizo gani, tafadhali?"

Msomaji, swali hilo nimelisubiri maisha yangu yote. Nina hotuba yake, ina sura na vifungu. Nikafungua mdomo.

"Vyumba ni vingi," nikasema. Hotuba ikaishia hapo.

"Lakini vilikuwa vinaisha."

Shangazi alikuwa nyuma yangu, ameshika kiuno. Nikisema wamezembea, viza yangu iko salama na yeye anapanda ndege. Nikisema kweli, msimamizi aliyedhaminiwa kwa ujuzi wake amekiri kwamba hakusimamia.

"Nilikuwa navisafisha mimi," nilisema. "Vilivyobaki, vyote."

Alinitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. "Viza yako haisemi usafishe."

"Najua. Nimeisoma."

Hapo nikaona kwamba naye ameisoma. Kunifukuza kungemlazimu awaeleze watu wa uhamiaji kwa nini mtaalamu aliyemwombea kibali alikuwa amepiga magoti chooni huku hoteli ikimpigia makofi. Alirekebisha tai. Akashuka kuwaomba wageni radhi.

Tulirudi kumi na viwili, ghorofa zote, "kwa muda". Mkataba wa Shangazi umeongezwa. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na nilimsomea mke wangu kwenye simu.

"Umeanza mambo yako," alisema.

"Sikiliza kosa kwanza. Kufanya kazi kupita kiasi."

"Wewe?" aliuliza. Kisha nikamsikia anamwita mama yangu aje asikie, na wote wawili wakacheka mpaka salio likaisha.

Kesho yake Shangazi alinikuta nimeshashika pembe ya godoro.

"Bosi," alisema, "weka chini."