Mawe ya Mzee Ephantus

Waiyego alikuwa anachuja maziwa jikoni kwao Kiplombe wakati mawe manne ya mpaka yalipofika mlangoni. Yalitoka kwenye pembe nne za shamba, yakapanda ngazi, yakatulia. Akayatandikia gunia, maana saruji ilikuwa baridi.

Asubuhi hiyo, mjini, wakili Jepkosgei alikuwa amemsomea wosia wa babake, Mzee Ephantus. Ekari mbili na nyumba ziende kwa yule kati ya wanawe wawili wa kiume atakayetajwa na Waiyego. Yeye mwenyewe asijitaje. Akifa kabla ya kutaja, ndugu hao wagawane nusu kwa nusu. Waiyego aliomba asomewe tena, kwa sababu alikuwa amemwosha mzee huyo na kumlisha uji kwa miaka kumi na moja.

“Amekupa uwezo wa kuteua, mama,” wakili akamwambia. “Shamba hakukupa. Lakini mpaka utaje, hakuna wa kukutoa.”

Basi mawe yalikuwa yanangoja jina. Jioni hiyo ya kwanza aliyajaribu, akasema, “Waiyego.” Hayakusogea, kana kwamba amekohoa tu. Ilimuuma sana, na hakuyalaumu mawe, alimlaumu babake. Baadaye akayazoea. Alfajiri yalirudi kwenye pembe zake, saa kumi na mbili jioni yakaja tena, naye akayasimulia habari za ng'ombe, kwa vile hapakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia.

Akawa mwangalifu asitamke jina la ndugu yeyote. Kwenye simu, kaka yake Mungai alikuwa Baba Betty na yule mwingine, Mbuthia, alikuwa Baba Brian. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Mungai ana duka la vifaa vya ujenzi Langas. Mzee alipokuwa anaumwa hakukanyaga Kiplombe hata siku moja, ati kazi nyingi. Sasa akaanza kuja kila Jumapili na mkate na sukari. Shamba hakulitaja. Alikaa mpaka chakula cha jioni, akasifu chapati, akacheka. Waiyego alijua kilichomleta, si mjinga. Lakini ilikuwa sauti ya mtu ndani ya nyumba, na kufikia Ijumaa alikuwa ameshanunua unga.

Jumapili ya tisa Mungai akamwambia aombee chakula. Akafumba macho. Sasa utamwombaje Mungu ambariki “Baba Betty”? Kwao mtu huombewa kwa jina lake.

“Baba, mbariki ndugu yangu Mungai, kwa kunikumbuka.”

Nje mawe yakabingirika. Aliyasikia yakishuka ngazi, moja baada ya jingine, yakielekea kwenye pembe zake kukaa kabisa. Alipofumbua macho Mungai alikuwa ameanza kula.

Wakili aliandika tu yaliyokwisha kufanyika. Mungai alimwachia dada yake muda wa kuvuna mahindi, akasema yeye si mtu mbaya. Waiyego akapanga chumba Kimumu.

Wiki ya tatu jiwe moja likafika mlangoni pake huko, lile la pembe ya juu, limejaa matope ya safari. Akalipangusa, akalitandikia gunia, akalisimulia habari za majirani ambao bado hakuwajua majina. Walikaa pamoja siku mbili.

Siku ya tatu Mungai akaja na pikapu kulirudisha shambani. Akasema jiwe ni zito, dada amshikie upande ule. Waiyego akainama, akashika.