Tundu la Mstari wa Arobaini na Moja

Fundi programu wa kituo cha maji hajawahi kuacha tundu katika ujumbe wa onyo. Hilo lieleweke kwanza. Anaandika kwa C, lugha ya kompyuta, na maonyo yake hutoka yamenyooka kama wanafunzi siku ya ukaguzi: jina la programu, namba ya mstari, nukta mbili, kisha neno lenyewe. Kosa likiwa kubwa, programu hufa palepale. Likiwa onyo tu, hulalamika na kuendelea, kama sisi sote.

Alasiri moja pampu ya tatu iliungua. Printa ikatema karatasi:

*pampu: mstari 41: ONYO: joto nyuzi 94, king'ora kimezimwa na*

Basi. Hapo mwisho palitakiwa jina. Fundi alikuwa ameweka alama ya asilimia na herufi s, yaani nafasi ya jina, akasahau kuipa programu jina la kuijaza. Haya, tundu moja.

Meneja akachomoa kalamu, akajaza: *Dada Pampu*. Huyo ndiye mwendesha mitambo, miaka kumi na moja bila kuunguza hata fyuzi. Jioni hiyo hiyo akaandikiwa barua ya uhamisho.

Kufika asubuhi, herufi za kalamu zilikuwa zimedondoka chini ya meza, na karani akazifagia. Mahali pake, kwa maandishi ya printa, palisomeka: *meneja, saa tisa na robo, kwa kuwa kilimsumbua akiwa kwenye simu.*

"Na nukta kaweka," karani akasema. "Humu ndani wapo wasioijua."

Meneja akajaza tena. Zikadondoka tena. Mara ya nne akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho.

"Ni kweli," akasema. "Tena ujumbe umepangwa vizuri. Hongera, fundi."

"Kwa hiyo Dada Pampu anarudi kwenye mitambo?" fundi akauliza.

"Barua yake ya uhamisho imeshagongwa muhuri, kijana. Muhuri haudondoki."

Siku hizi Dada Pampu anafungua geti. Karatasi imetiwa fremu, na hakuna mgeni anayepita bila kusimuliwa, kifua mbele, juu ya fundi aliyeandika onyo lisilomeza uongo. Duniani wapo wangapi wa namna hiyo?

Juzi wageni wawili walikuwa wakisimuliwa hayo hayo getini, wamefikishwa pale pa "hajawahi kuacha tundu", Dada Pampu akachungulia kidirishani.

"Mdogo wangu," akaniambia, "huyo fundi unayemsifu, mbona kavaa shati lako?"

Wageni wakalitazama shati langu, na kitambulisho kilichoning'inia juu yake.

"Mstari wa arobaini na moja nilikuwepo ukiuandika. Nikakuuliza, umemaliza? Ukanijibu, jina nitaliweka kesho."