Herufi za Hatua Arobaini

Msinione nimenuna, uso wangu ndivyo ulivyo. Ila miezi ile miwili ulikuwa na sababu. Mimi ndiye mchoraji wa herufi na tarakimu za namba za magari katika karakana yetu, na herufi zangu mpya zilikuwa zimeanguka mtihani mara mbili. Mtihani wenyewe ni huu: Mkuu wa karakana anaipaka namba tope, anaitundika ukutani, anarudi nyuma hatua arobaini, anasoma. Mara zote mbili 8 aliiita B.

"Ikishindikana mara ya tatu," aliniambia, "tunanunua herufi za watu wengine, na wewe unarudi kupaka rangi."

Kupaka rangi! Baada ya miaka kumi na moja ya kushika penseli! Nilitoka bila kuaga.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wenzangu wote walizisoma vizuri tu. Hata mimi. Kumbe namba zenyewe tumezitengeneza asubuhi, ziko vichwani tayari; tukisoma tunasoma kumbukumbu, si bati.

Nikazibeba hadi nyumbani, nikaziegemeza ukutani uani. Mama alikuwa anakunja nguo. Mama yangu hakwenda shule hata siku moja. Fomu zote za maisha yake zina alama ya kidole gumba. Akazitazama kidogo, akacheka.

"Hawa wawili mbona umewazaa mapacha?"

"Mama, hiyo ni nane, na hiyo ni B."

"Mimi majina yao siyajui. Naona wanene wawili wamevaa nguo moja."

Jamani! Natafuta jicho mjini kote, kumbe jicho liko uani linakunja nguo. Asiyejua herufi habahatishi, anaona umbo tu. Tangu siku hiyo nikirudi kutoka kazini ni kupaka tope, kuhesabu hatua, kumuuliza Mama. Akawapa majina yake mwenyewe: 8 Mnene, B Matumbo Mawili, R Mguu Nje, 6 Kishingo. "Matumbo Mawili mnyooshe mgongo, aegemee ukuta. Mnene mbane kiuno." Nachora. "Bado." Nafuta, nachora tena. "Bado, mwanangu, na usinune." Mama ana mdomo, nami nimeurithi, kwa hiyo tulizozana mpaka binti yangu akawa anatuamulia.

Siku ya mtihani Mkuu akabadilisha mambo. "Leo hasomi mtu wa karakana. Huyu mama ni nani?"

"Ni mama yangu, nimemleta aone tu."

"Vizuri. Shikamoo, mama. Hebu tusomee ile pale."

Watu kumi na wawili wamegeuka wanamtazama. Nikaropoka kabla sijafikiri: "Mkuu, mama yangu hajui kusoma!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akanigeukia na lile jicho lake la enzi za utoto wangu.

"Nani kakwambia?" Akalitazama bati kwa mbali. "B. Nane. R. Tatu. Sita. D."

Hakukosea hata moja, na tope lote lile.

"Ulidhani nakutazamia tu?" akasema. "Ukienda kazini namuuliza mjukuu wangu, huyu Matumbo Mawili kwao anaitwa nani? Ananiambia. Kila siku mmoja mmoja. Bandu bandu huisha gogo."

Mkuu alicheka mpaka akashika mbavu. Zimepita, akasema, na msomaji atie saini. Karani akaleta fomu pamoja na pedi ya wino, maana nilikwisha kumtangaza mama wa watu. Mama akaisukuma pedi pembeni, akaomba kalamu. Aliandika polepole, ulimi nje. Jina lake lote, kwa herufi zangu za magari: mgongo ulionyooka, mguu nje. Hakuwa amejifunza nyingine. Katika umri wangu wote sikuwa nimewahi kuliona jina la mama yangu kwa mkono wake.

Akaiinua karatasi. "Hatua arobaini linasomeka?"

Nikarudi nyuma nikihesabu, machozi yananitoka mbele ya karakana nzima. Kwenye ishirini nilikuwa sioni kitu tena.

"Linasomeka, Mama!" nikapaza sauti. "Linasomeka!"