Zamu ya Maji ya Shamba la Baba

Bado hajazaliwa mtu wa kunidanganya mimi, Dorkas. Kaka yangu Filemoni alinidanganya misimu mitatu mfululizo, lakini yeye alizaliwa kabla yangu, kwa hiyo hayumo.

Baba alipofariki, ukoo ulimchagua Filemoni kuwa msimamizi wa mirathi, kwa sababu ana tai na sauti ya kusomea matangazo kanisani. Shamba la tangawizi lilitakiwa ligawanywe mafungu matatu: lake, langu, na la mdogo wetu Faustina, ambaye mumewe alikufa huko Same mjini na shemeji zake wakamrudisha kwetu mlimani na godoro tu. Hana hata pa kupanda mchicha. Lakini kila tukiuliza, Filemoni anavaa uso wa msiba.

"Limekuwa pori, wadogo zangu. Nyani wamehamia. Mtagawana nini, nyani?"

Shamba liko ng'ambo ya korongo, na magoti yangu siku hizi mwisho wao kanisani. Faustina alipotaka kwenda kuliona, akaambiwa kuna chatu. Na Faustina anakimbia hata mjusi.

Jumapili moja mimi na Faustina tulikula makande kwa Filemoni. Ikaja chai. Lo! Tangawizi yake ilinizibua masikio yote mawili.

"Kaka, tangawizi hii ya wapi?"

"Ya kununua. Same, sokoni."

Mtu wa mlimani ashuke Same kununua tangawizi! Nikaomba kikombe kingine.

Sasa, huku kwetu maji ya ndiva, lile bwawa la juu, huteremka mashambani kwa zamu. Shamba likiachwa bila kulimwa, zamu yake hupewa jirani, na kuirudisha utaomba mpaka ulimi uote sugu.

"Kaka," nikasema, "kwa kuwa shamba letu ni pori, tusiwe wachoyo. Zamu yetu nimempa jirani yetu Clemence."

Clemence mwenyewe sikuwa nimemwona tangu Krismasi.

"Umefanya vyema," akasema Filemoni, lakini kijiko kikasimama ndani ya kikombe. "Aanze lini?"

"Leo. Tunavyoongea hapa, maji yanaelekea kwake."

Akalitazama jua dirishani. Akainuka, akarudi ana mabuti mguuni na jembe begani.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Kumsalimia Clemence."

"Kwa jembe?"

"Dorkas, niache! Unataka anikaushie tangawizi yangu?"

Mkewe akaangalia dari.

"Tangawizi ipi, kaka?" nikauliza kwa upole. "Ya Same, sokoni?"

Faustina alikwisha kusimama, anakaza kanga kiunoni. "Twende nikachague fungu langu. Hata huyo chatu nitampa shikamoo."

Filemoni akashusha jembe. Akakohoa kile kikohozi cha matangazo.

"Labda," akasema, "wameipanda wale nyani."