Boneti Moja na Lori Zima

Mama huyu alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa kuwa tangu asubuhi mpaka jioni sauti yake ilisikika dirishani ikipiga kelele "Klachi! Klachi kwanza!", mtaa mzima ulimwita Mama Klachi. Gari lake la kufundishia lilikuwa moja tu, jeupe, limezeeka kwa heshima, na katika miaka kumi na mmoja wanafunzi walikuwa wameshalikwaruza kila mahali isipokuwa usoni. Uso nao ukapata mkosi Jumanne moja, pale mhasibu mstaafu, mtu makini asiyekosea hesabu, alipoambiwa akanyage breki yeye akakanyaga mafuta. Gari likaenda kukumbatia nguzo ya taa. Boneti ikajikunja kama bahasha, bampa likakatika vipande viwili. Mhasibu akashuka, akajifuta jasho, akauliza kama somo lile litahesabiwa.

"Litahesabiwa," Mama Klachi akamjibu. "Tena mara mbili."

Gari likasukumwa mpaka gereji ya Fundi Nyundo, mnyoosha bodi wa pale mtaani. Fundi Nyundo alilizunguka mara tatu bila kusema neno, na kwa mtu mwenye mdomo kama wake hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Hii boneti hata nikiigonga mwaka mzima itabaki na sura ya msiba," akasema mwishowe. "Tafuta nyingine. Na bampa ndiyo hivyo, limeshakata roho."

Madukani mle mjini hapakuwa na spea za gari la umri ule. Mama Klachi hakubabaika. Mdogo wa mumewe aliuza spea za mtumba katika jiji kubwa, mbali sana, safari ya siku tatu kwa lori. Akampigia simu hapohapo gerejini.

"Shem, unayo boneti ya gari kama langu? Na bampa la mbele?"

"Vyote ninavyo, tena rangi ileile," shemeji akajibu. "Na hela yako sitaki. Nikikuuzia wewe, kaka nitamtazama kwa macho gani? Wewe jipange na usafiri tu."

Usafiri! Mama Klachi alikata simu akicheka, akidhani kazi imekwisha.

Kesho yake akaenda ofisi ya mizigo. Karani alikuwa kijana wa tai na adabu, na futi ya kupimia imemning'inia shingoni. Alisikiliza vipimo vya boneti na vya bampa, akabonyeza mashine yake ya hesabu, akaigeuza taratibu ili mteja ajisomee mwenyewe. Mama Klachi alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mwanangu, hizi ni boneti ngapi?"

"Moja, mama."

"Vyote viwili havifiki kilo ishirini. Mimi mwenyewe nabeba."

"Uzito hauna neno, mama. Sisi tunapima nafasi. Bampa lina mpindo, na kwenye ule mpindo hatuwezi kuweka mzigo wa mtu mwingine, tusije tukakuvunjia."

"Kwa hiyo mnanitoza hewa iliyo ndani ya bampa?"

Karani akafikiri kidogo, maana alikuwa mkweli. "Tunakutoza ili hewa hiyo isiguswe."

Mama Klachi akatoka pale kichwa kinamwanga, akaenda stendi ya mabasi. Kondakta wa basi la jijini alimweleza kwamba boneti haiingii kwenye buti, na juu ya paa siku hizi hawapandishi kitu. "Labda uikatie tiketi, mama. Nitaiweka kiti cha dirishani, isafiri inatazama nje."

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, mwenye cherehani yake sebuleni. Alimsikiliza mkewe akilalamika tangu mlangoni mpaka jikoni, kisha akasema bila kutoa pini mdomoni: "Lipa tu, mke wangu, yaishe."

"Nilipe? Kitu nimepewa bure, halafu kije kwa bei ya kununua viwili?"

"Wanafunzi wanakungoja."

"Waningoje!"

Mume akarudi kwenye pindo la gauni. Alimjua mkewe. Jambo likishamwingia kichwani, hata winchi hailing'oi.

Ndipo Mama Klachi alipokwenda tena kwa Fundi Nyundo kumwaga yake ya moyoni, na fundi akacheka. "Unadhani uko peke yako? Huyu dereva teksi mlango wake wa nyuma umefungwa kamba tangu mwaka jana. Bucha anatafuta madigadi ya pikapu yake. Mimi mwenyewe nina wateja watatu wanataka milango. Spea zipo jijini, bei nzuri, lakini kila mtu akiulizia usafiri anarudi kufunga kamba."

Mama Klachi akafungua begi, akatoa daftari lake la maendeleo ya wanafunzi, akachana ukurasa na kuandika juu kabisa: *Boneti na bampa, Mimi*. Chini yake akaandika *Mlango wa nyuma, Teksi*.

Siku mbili hazikupita, alikuwa na watu wengine saba. Akafunga kibwebwe kutafuta lori, na hakutafuta lori lolote tu. Alitaka lori linalorudi tupu. Akampata dereva aliyepeleka mbao jijini kila mwezi na kurudi na upepo, mzee aliyeitwa Mpole kwa mwendo wake. Mpole alikuwa akirudi bure tangu ujana wake, na aliposikia kuna wanaotaka kumlipa kwa safari ambayo angeifanya tu, alikubali kabla sentensi haijaisha. Gharama ikagawanywa kwa watu wanane, na kila mtu akatoa fungu dogo mpaka bucha akauliza kama hakuna kilichosahauliwa.

Sasa Mama Klachi akawa mtaalamu. Alipanga vijiko kwenye meza ya kushonea ili kuona namna mabampa yanavyoweza kulaliana, moja ndani ya jingine, mipindo yote iangalie upande mmoja. Alimwamuru shemeji kwa simu: boneti na milango visimamishwe wima kama vitabu, na kati ya kila viwili kuwe na blanketi kuukuu. Vioo vifungwe kwa magodoro. Taa zitiwe ndani ya matairi. Kizito kikae chini, mbele, karibu na kichwa cha lori. Shemeji, ambaye alikuwa amefunga mizigo miaka kumi na tano, alijibu "Ndiyo, shem" kila mara, kama mwanafunzi.

Gari lake lilikuwa bado gerejini, injini nje nje, na askari wa barabarani alikwishamwambia kwamba akimwona nalo barabarani vile, wataonana vizuri. Wanafunzi wakawa wanakuja nyumbani kusoma alama za barabarani sebuleni, cherehani ikiunguruma badala ya injini. Wawili walihamia shule nyingine. Mama Klachi hata hakuwaona wakiondoka. Kutwa alikuwa kwenye simu, na baadaye akagombana na mwalimu mkuu mmoja aliyetaka kuongeza kiti kizima cha nyuma dakika za mwisho.

"Vya kwangu umepakia, shem?" aliuliza asubuhi ya safari.

"Vyako? Vyako usiwe na wasiwasi navyo kabisa," shemeji akasema, kwa sauti ya mtu anayeficha kicheko.

Lori la Mpole liliwasili siku ya nne, saa tisa alasiri, na mtaa wote ukatoka. Turubai likafunguliwa. Mama Klachi akasimama nyuma ya lori, kalamu mkononi, miwani puani, kama ofisa wa forodha. Vitu vilishuka kimoja kimoja bila hata mkwaruzo. Dereva teksi aliukumbatia mlango wake mbele za watu. Bucha alibusu madigadi. Mwalimu mkuu akakaa kwenye kiti chake palepale barabarani, akajaribu kuegemea, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kila jina lilipopata alama, watu walipiga makofi.

Mwishoni yakabaki mablanketi, kamba, na Mpole anayefagia.

"Bado, bado," Mama Klachi akasema. "Namba moja bado."

"Nimemaliza, mama. Huku ndani labda unishushe mimi."

Akapanda mwenyewe. Akafunua blanketi baada ya blanketi. Makofi yakakoma. Akamtwangia shemeji simu akiwa amesimama katikati ya lori tupu, watu wote wanamtazama kutoka chini.

"Shem, vya kwangu viko wapi?"

Shemeji akasema kwa mshangao wa kweli: "Kwani kaka hajakwambia? Mbona boneti na bampa vilishakuja huko siku nyingi! Alivilipia mwenyewe, kampuni ya mizigo, ile ya karani. Akanikataza nisiseme. Alisema anataka kukushtua."

Mama Klachi akainua macho. Kule nyuma ya umati, mumewe, ambaye alikuja kusaidia kushusha, alikuwa anasoma maandishi ya pembeni mwa lori kwa makini ya ajabu, ingawa maandishi yenyewe yalikuwa maneno mawili tu.

"Tangu lini?" alimuuliza walipofika nyumbani.

"Wiki mbili na siku moja."

"Wiki mbili boneti yangu iko hapa mjini? Umbali wa nusu saa kwa miguu?"

Mume akatoa pini mdomoni, zote, akazipanga mezani. "Niliona wanafunzi wanaondoka. Nikasema nilipe, nikuletee, ufurahi. Siku boneti ilipofika nilikuja mbio kukwambia. Nikakukuta hapa, na vijiko vyako. Ulikuwa unacheka peke yako. Sijakuona hivyo tangu tununue lile gari. Nikasema, kesho. Kesho zikapita, mpaka ukawa unamfokea mwalimu mkuu, na unafurahi zaidi."

Mama Klachi alitaka kukasirika, na sababu alikuwa nazo tele, lakini kila aliposhika moja ilimponyoka. Ikabidi aende kuchemsha chai.

Kesho yake wakaenda wote wawili ofisi ya mizigo. Karani aliwakaribisha kwa adabu ileile, akatoa karatasi nyingine: gharama ya kuhifadhi, maana mzigo ukizidi siku tatu stoo hulipiwa, nao pia kwa nafasi, si kwa uzito. Mama Klachi alilipa. Karani akamkazia macho.

"Samahani, mama. Si wewe uliyeleta lile lori? Wateja wangu wanne wamenikimbia mwezi huu."

"Mimi ndiye."

"Basi... mjomba wangu ana kabati lake jijini," akasema, sauti ikishuka. "Lori linakuja lini tena?"

Wakatafuta gari la kubebea boneti. Teksi haikuwepo kituoni. Ilikuwa gerejini ikifungwa mlango. Pikapu ya bucha ilikuwa gerejini ikifungwa madigadi. Wakabeba wenyewe, mke mbele, mume nyuma, boneti imewalalia vichwani kama dari, na bampa limefungwa juu yake kwa kamba ya kushonea. Mume hakuona kitu isipokuwa visigino vya mkewe.

"Kushoto! Punguza! Shimo hilo!"

"Naam."

"Umeangalia nyuma kabla ya kukata kona?"

"Nyuma yangu hakuna mtu, mke wangu. Wote wako mbele wanatucheka."

Walipoingia gerejini, shingo zimekakamaa, walikuta magari saba yamejipanga mpaka nje ya geti. Fundi Nyundo alitoka chini ya mojawapo, uso umechafuka grisi na furaha.

"Mama Klachi, Mungu akuzidishie! Kazi uliyoniletea hii ni ya mwezi mzima. Weka boneti yako pale ukutani. Foleni ikifika nitakuita, wewe ni wa nane."

Mumewe akamtupia jicho, akingoja mlipuko. Mama Klachi aliitazama foleni, gari moja moja, kila moja na kipande kipya kilichokuja na lori lake. Kisha akaegemeza boneti ukutani, akahakikisha haitelezi, akachomoa kalamu.

"Mwambie karani," akamwambia mumewe, "kabati la mjomba wake tunahitaji vipimo vyake. Na milango yake itolewe, isafiri peke yake."